Sura ya Sita: Kuchagua Kitabu cha Kujifunzia Flashi kwa Jicho la Mnunuzi wa Owino

Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wakazi wa Kampala wanaendelea kuliita Owino, lipo katika bonde la Nakivubo, jirani na uwanja wa michezo wenye jina hilohilo na kituo cha zamani cha teksi, lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hujulikana zaidi kwa nguo za mitumba kuliko kwa bidhaa nyingine yoyote. Mnunuzi aliyezoea soko hilo hanunui shati kwa sababu ya nembo iliyoshonwa kolani, bali huligeuza ndani nje, huvuta mshono, huchungulia kwapa na kulinyoosha shingo, kwa kuwa anajua kwamba nembo haizuii nguo kuchanika. Sura hii inapendekeza kwamba ukaguzi wa namna hiyo ndio unaomfaa mtu anayetafuta kitabu cha kujifunzia upigaji picha kwa flashi, yaani taa inayotoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana wakati shata ya kamera inapofunguka; na hoja yake kuu ni kwamba kitabu bora ni kile kinachoeleza tabia ya mwanga wenyewe, hata kama kimechakaa na kimepitwa na mitindo, kwa sababu tabia hiyo haibadiliki kila kampuni inapotoa taa mpya.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika kazi ambayo wapigapicha wengi wa Kampala huitegemea kwa riziki, ambayo ni arusi, mahafali na kwanjula, sherehe ya Kiganda ambapo msichana humtambulisha mchumba wake kwa wazazi na ukoo. Katika kwanjula wanaume huvaa kanzu nyeupe, wanawake huvaa gomesi za vitambaa vinavyong'aa, na wote huketi chini ya mahema yaliyozungukwa na jua kali la ikweta. Mpigapicha anakabiliwa basi na nguo nyeupe kupita kiasi, vitambaa vinavyorudisha mwanga kama kioo, nyuso nyeusi zilizo kivulini na mandhari yenye jua nyuma yake, vyote ndani ya picha moja. Mwongozo unaokuja na taa hueleza kitufe kipi kibonyezwe, lakini hausemi kwa nini uso wa bwana arusi umetoka mweusi ilhali kanzu yake imetoka ya kijivu, na hapo ndipo haja ya kitabu cha kweli inapoanza.

Mambo manne ambayo kitabu kizuri hakikosi

Jambo la kwanza ni kanuni ya umbali, ambayo wanafizikia huieleza kwa kusema kwamba nguvu ya mwanga unaotoka katika chanzo kidogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali wake. Mtu aliye mita 4 kutoka kwenye taa hapokei nusu ya mwanga anaoupata aliye mita 2, bali robo yake tu. Kanuni hii ndiyo inayoeleza kasoro inayoonekana katika picha nyingi za ukoo, ambamo walioketi mstari wa mbele wameungua kwa weupe na wazee waliosimama nyuma wamezama gizani. Iwapo mstari wa mbele uko mita 2 na wa nyuma mita 4, tofauti yao ni stopi mbili, na stopi ni kipimo ambacho kila hatua yake moja huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Mpigapicha akirudi nyuma hadi mstari wa mbele uwe mita 6 na wa nyuma mita 8, walio nyuma hupata zaidi ya nusu ya mwanga wa walio mbele, na tofauti inashuka chini ya stopi moja, ingawa taa italazimika kutoa nguvu kubwa zaidi. Kitabu kinachoshauri kurudi nyuma bila kueleza sababu kimempa msomaji dawa ya siku moja, ilhali kinachoeleza kanuni kimempa uwezo wa kujitibu.

Jambo la pili ni namba ya mwongozo, ambayo ni kipimo cha nguvu ya flashi na hupatikana kwa kuzidisha umbali wa mpigwapicha kwa namba ya f, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa tundu la lenzi. Taa yenye namba ya mwongozo 36 kwa mita, kamera ikiwa imewekwa ISO 100, yaani kiwango cha wepesi wake wa kuitikia mwanga, humwangazia sawasawa mtu aliye mita 4.5 tundu likiwa f/8, kwa kuwa 36 ikigawanywa kwa 8 hutoa 4.5. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa macho, kwa sababu vitabu vingi vya Kimarekani huhesabu kwa futi, na taa hiyohiyo huandikwa humo kuwa na namba karibu na 120. Anayeichukua namba hiyo kana kwamba ni ya mita atakosea kwa zaidi ya stopi tatu, kosa linalotosha kuiharibu picha kabisa. Kitabu kisichotaja kipimo chake waziwazi hakifai kuaminiwa katika hesabu zake.

Jambo la tatu ni uhusiano kati ya flashi na shata. Kamera nyingi za lenzi za kubadilisha zina shata ya mapazia mawili, ambapo la kwanza hufunguka na la pili hufuata kufunga, na flashi hutakiwa kuwaka katika ule muda mfupi ambao mapazia yote mawili yameacha wazi eneo zima la picha. Kasi ya juu kabisa inayoruhusu jambo hilo huitwa kasi ya ulinganifu. Katika kamera nyingi za zamani za filamu ilikuwa 1/60 ya sekunde, na katika nyingi za leo ni 1/200 au 1/250, na anayeipita bila mbinu maalumu hupata picha yenye mkanda mweusi upande mmoja. Kutokana na hali hiyo hutokea kanuni ambayo mwanafunzi akiielewa huona somo lote limefunguka: kwa kuwa mwako wa flashi ni mfupi kuliko muda wa shata, kasi ya shata hutawala mwanga wa mazingira, nalo tundu la lenzi hutawala mwanga wa mazingira na wa flashi kwa pamoja. Kitabu kizuri hukaa kwenye kanuni hii kwa kurasa nyingi na kuirudia kwa mifano tofauti.

Jambo la nne, ambalo ndilo linalovitenga vitabu bora na vya kawaida, ni ukubwa na pembe ya chanzo cha mwanga. Taa ndogo hutoa vivuli vyenye kingo kali, na taa kubwa hutoa vivuli laini. Lakini ukubwa unaohesabiwa ni ule unaoonekana kutoka alipo mpigwapicha, kwa hiyo shuka la upana wa mita moja lililo mita moja kutoka usoni ni chanzo kikubwa, na shuka hilohilo likisogezwa mita nne linakuwa chanzo kidogo. Anayelielewa hilo anaweza kununua Owino shuka jeupe la pamba na mwavuli mweupe, akafanya kazi ambayo duka la vifaa lingemuuzia kwa bei kubwa, mradi aangalie kwamba kitambaa chake ni cheupe kweli, kwani kilichoingia unjano au ubuluu kitazitia rangi nyuso zote.

Vitabu vinavyostahili kutafutwa

Miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo fasihi nyingi ya somo hili inapatikana kwayo, cha kwanza kutafutwa ni Light: Science and Magic cha Fil Hunter na Paul Fuqua, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990 na kuchapishwa tena mara kadhaa, matoleo ya baadaye yakiongezewa jina la Steven Biver. Kitabu hiki hakishughulikii flashi peke yake, bali kinaeleza jinsi vitu vinavyorudisha mwanga, na kinatofautisha mrudisho uliotawanyika, ambao hutokea kwenye karatasi au kanzu na huonekana sawa kutoka kila upande, na mrudisho wa moja kwa moja, ambao hutokea kwenye sufuria ya alumini au kitambaa cha hariri na huonekana tu kutoka katika pembe fulani. Ubora wake kwa mpigapicha wa Kampala uko katika somo hilo la pili. Ngozi nyeusi hutawanya mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe, hivyo umbo la uso mweusi huonekana kwa kiasi kikubwa kupitia mng'ao wa moja kwa moja kwenye paji, shavu na daraja la pua. Taa ndogo huufanya mng'ao huo kuwa nukta kali zinazofanana na jasho, ilhali chanzo kikubwa kilichowekwa kwenye pembe ifaayo huutandaza uwe mwanga mpana unaouchonga uso vizuri. Waandishi wengi wa vitabu vya flashi hufundishia nyuso nyeupe na hulipita jambo hili, na anayesoma kitabu chenye kanuni anaweza kulifikia mwenyewe.

Cha pili ni cha kazi ya sherehe, na hapa vitabu vya Neil van Niekerk, kikiwemo kile kinachohusu flashi iliyofungwa juu ya kamera katika arusi na picha za watu, vina manufaa kwa sababu mwandishi wake huchukua taa moja ndogo na kuonyesha namna ya kuielekeza ukutani au darini ili irudi ikiwa laini. Ushauri huo hauna budi kupimwa kwa mazingira ya hapa. Nyumba na kumbi alizopigia mwandishi zina dari na kuta za rangi nyepesi, lakini kwanjula hufanyika chini ya hema, na vichochoro vya Owino vimefunikwa kwa mabati na maturubai. Mwanga unaorushwa kwenye turubai la buluu hurudi ukiwa wa buluu, na ule unaorushwa kwenye hema refu lenye pande wazi hautarudi kwa kiasi cha kutosha. Kanuni ya kuelekeza taa ni sahihi popote, ila uso wa kuirudisha ndio unaotafutwa upya kila mahali, na mara nyingi shuka jeupe lililoshikwa na msaidizi hufanya kazi ambayo dari imeshindwa.

Cha tatu ni cha mtu anayetaka kuiondoa taa juu ya kamera na kuiweka pembeni. The Hot Shoe Diaries cha Joe McNally, cha mwaka 2009, kinasimulia picha moja moja na jinsi taa ndogo zilivyopangwa kuipata, na kinafaa kwa anayejifunza kwa kutazama mifano. Speedliter's Handbook cha Syl Arena, kilichotoka kwanza mwaka 2010, kimepangwa kama kitabu cha darasa na kinafuata mfumo wa taa za Canon, kwa hiyo mwenye kamera ya kampuni nyingine atafaidi sura za kanuni na kuziruka zile za vitufe. Understanding Flash Photography cha Bryan Peterson, cha mwaka 2011, kinamfaa anayeanza kabisa, kwa kuwa kinajikita katika kuitumia taa kwa mkono badala ya kuiachia kamera iamue.

Kujifunza kutumia taa kwa mkono kuna sababu nzito. Flashi nyingi za sasa hutumia upimaji wa kupitia lenzi, ambapo taa hutoa mwako mdogo wa majaribio, kamera ikapima kinachorudi na kukadiria nguvu inayohitajika. Vipimo hivyo huchukulia kwamba mandhari kwa wastani ni ya kijivu cha kati, hivyo kanzu nyeupe zikijaa kwenye picha kamera hudhani mwanga umezidi, hupunguza nguvu ya taa, na matokeo yake ni kanzu za kijivu na nyuso zisizoonekana. Mpigapicha aliyesoma vizuri huongeza nguvu kwa stopi moja au zaidi kidogo, au huweka taa kwa mkono na kuiacha hapo, kwa sababu umbali usipobadilika nguvu inayohitajika nayo haibadiliki, awe anayepigwa amevaa kanzu nyeupe au suti nyeusi.

Thamani na hatari ya vitabu vya zamani

Kitabu kilichotumika hakipaswi kudharauliwa kwa umri wake, na historia ya taa hizi inaonyesha sababu. Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa magnesiamu uliolipuka kwa mwanga mkali. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja balbu ya kuwaka mara moja na kutupwa. Na katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, akaendeleza flashi ya umeme inayoweza kuwaka mara nyingi, na mwaka 1939 yeye na James Killian wakatoa kitabu Flash! kilichoonyesha mambo ambayo jicho haliwezi kuyanasa. Katika kipindi chote kabla ya upimaji wa kujiendesha kuenea, mpigapicha alilazimika kupiga hesabu ya umbali na tundu la lenzi kwa kila picha, na waandishi wa wakati huo walilazimika kuieleza hesabu hiyo kwa ukamilifu. Basic Photography cha Michael Langford, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1965, na mfululizo wa vitabu vya upigaji picha wa Time-Life wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni mifano ya vitabu vya zamani ambavyo sura zake za mwanga bado zinafundisha.

Hata hivyo kitabu cha zamani kina mapengo yake. Hakitamwonya msomaji kwamba baadhi ya flashi za enzi ya filamu hupitisha volti zaidi ya 200 kwenye kitako kinachogusana na kamera, kiasi kinachoweza kuunguza kamera ya kidijitali isiyoundwa kwa umeme huo. Kwa hiyo anayenunua kitabu na taa ya mtumba kwa pamoja anapaswa kumpa fundi apime volti kabla ya kuipachika. Hakitazungumzia pia skrini ya kamera, ambayo leo humwezesha mwanafunzi kuona kosa lake papo hapo na kulirekebisha bila kusubiri filamu isafishwe, na ambayo imeyafanya mazoezi ya vitabu hivyo kuwa rahisi na yasiyo na gharama.

Namna ya kutafuta na kukagua

Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa Dewey, vitabu vya upigaji picha hukaa kati ya namba 770 na 779, na katika zile zinazofuata mpangilio wa Library of Congress hukaa chini ya herufi TR, hivyo anayeingia katika maktaba ya chuo anaweza kuifikia rafu yake bila kujua jina la kitabu chochote. Katika Chuo Kikuu cha Makerere somo la sanaa lina mizizi ya tangu miaka ya 1930, lilipoasisiwa na Margaret Trowell, na shule ya sanaa yenye jina lake ni mahali pa kuulizia. Kwa vitabu vipya, duka la Aristoc ni miongoni mwa maduka yanayojulikana zaidi jijini, na kuhusu kitabu ambacho hakipo rafuni mnunuzi anaweza kuuliza kama huagizwa.

Anayeshika kitabu mkononi, kiwe kipya au cha mtumba, na afanye ukaguzi wa dakika chache kabla ya kuuliza bei. Kwanza afungue faharasa na kutafuta umbali, namba ya mwongozo na kasi ya ulinganifu; maneno hayo yasipokuwepo kabisa, kitabu hicho kinahusu vifaa. Pili aangalie kama picha zina michoro inayoonyesha taa ilisimama wapi, na maelezo ya tundu, shata na ISO, kwa sababu picha nzuri isiyo na maelezo hayo ni ya kufurahisha macho tu. Tatu atafute angalau picha moja iliyoharibika ikiwekwa kando ya iliyofaulu, kwa kuwa mwandishi anayeonyesha makosa ndiye anayekusudia kufundisha. Nne ahesabu kurasa zinazotaja majina ya kampuni, maana zikizidi zile zinazotaja mwanga, kitabu kitazeeka pamoja na taa zilizotajwa.

Nakala za fotokopi zinastahili tahadhari ya pekee. Mbali na suala la haki ya mwandishi, ambayo Uganda inailinda kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, fotokopi ya kitabu cha mwanga hupoteza kitu kilekile kinachofundishwa, kwani mashine hugeuza vivuli laini kuwa weusi mtupu na kuufuta mng'ao wa ngozi, na mwanafunzi hubaki akisoma maelezo ya tofauti asizoweza kuziona. Kitabu halisi kilichochanika jalada kina faida kuliko fotokopi iliyojalidiwa vizuri.

Sambamba na vitabu vya mbinu, mwanafunzi anapaswa kutazama picha za waliotangulia katika nchi yake. Mfululizo wa vitabu wa Ebifananyi, ulioanza kutoka mwaka 2014 kutokana na kazi ya Andrea Stultiens na mradi wa History in Progress Uganda, umekusanya picha za wapigapicha wa Uganda, akiwemo Deo Kyakulagira, na ingawa haufundishi mbinu, unampa msomaji nyuso na nguo za nyumbani za kuzisoma: kivuli kimeangukia upande gani, kingo zake ni kali au laini, na mng'ao machoni umekaa wapi. Maswali hayo matatu yanatosha kutambua mahali taa iliposimama katika picha nyingi.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kitabu kimoja tu na anunue cha kanuni, na Light: Science and Magic, hata toleo la zamani, kinatosha, mwenye fedha ya viwili na aongeze kimoja cha sherehe, na cha vitufe vya kampuni yake akiache hadi mwisho, kwa sababu mengi yaliyomo tayari anayo katika mwongozo uliokuja na taa. Kila sura atakayoisoma aijaribu siku hiyohiyo kwa taa moja, shuka moja jeupe na uso wa ndugu mmoja aliyevaa kanzu, kwa kuwa kitabu cha mwanga kilichosomwa bila kuwasha taa hakijasomwa.